Likizo ya Bawa Huanzia kwenye Kalenda ya Mwezi

Ziwa letu la Entebbe haliondoki. Ukiliacha asubuhi limefika kwenye jiwe fulani, jioni utalikuta palepale. Bahari ya Diani, pwani ya Kenya, huondoka. Saa nne asubuhi, siku za bamvua, yaani za maji kujaa sana na kupwa sana, unaweza kutembea kwa miguu mahali ambapo saa kumi alasiri maji yatakupita kichwa. Kwa anayekwenda kuogelea tu, hilo ni jambo la kutazama na kupiga picha. Kwa anayekwenda na wingifoili, hilo ndilo linaloamua tarehe za likizo, na ndiyo maana nalieleza kabla ya tiketi na hoteli.

Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe: mtu hushika mikononi bawa la kitambaa lililojazwa hewa kwa pampu, husimama juu ya ubao, na chini ya ubao kuna mlingoti wa alumini au kaboni wenye mabawa madogo mawili mwishoni; hiyo ndiyo foili. Kasi ikitosha, yale mabawa ya chini huinua ubao wote ukatoka majini, mtu akawa anapita juu ya bahari bila kishindo. Mama nilimwonyesha video nyumbani Bombo. Alitazama hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, utavuka nchi za watu ukasimame juu ya kisu?"

Hakukosea sana. Mlingoti wa kawaida una sentimita 70 hadi 90. Ongeza unene wa ubao, ongeza nafasi ya kuanguka bila kugonga chini, utaona unahitaji maji yanayofika kifuani. Maji ya magotini huwatosha wenye kaiti, wale wanaovutwa na tiara kubwa, na mbao zao bapa; mwenye foili atakaa ufukweni akiwahesabu. Na anayejifunza huanguka kutwa. Kuanguka majini hakuumi. Kinachoumiza ni kutua juu ya matumbawe, au juu ya wale viumbe weusi wa miiba mirefu waliojaa kwenye miamba ya pwani yetu. (Naiita yetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina faida zake.)

Bamvua huja na mwezi mpya na mwezi mpevu, kwa kuchelewa siku moja au mbili. Siku hizo, katika pwani ya Kenya na Unguja, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Wiki moja baadaye huingia maji mafu, tofauti ikashuka hadi mita 1 hivi. Hayo yamo katika maelezo yoyote ya bahari. Lakini kuna jambo nililoliona tu baada ya kuchukua majedwali ya maji ya Kilindini, bandari ya Mombasa, ambayo Mamlaka ya Bandari ya Kenya huyachapisha, nikayalaza mezani mwezi baada ya mwezi. Saa nazo hujirudia. Bamvua ya pande zile hujaa kwenye saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa kwenye saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Kila mwezi ni hivyo hivyo. Siku za maji mafu mambo hugeuka: kujaa ni saa nne, kupwa ni saa kumi. Katikati ya hapo, kila siku saa husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50.

Sasa weka upepo juu yake. Kaskazi ya Januari ni mvivu wa asubuhi. Huanza kujinyoosha karibu na adhuhuri, na nguvu ya kumwinua mtu huwa nayo kuanzia saa nane hivi hadi jua likaribie kuzama. Kwa hiyo wiki ya kutafuta ni ile ambayo maji hujaa alasiri, yaani kuanzia siku tatu hivi kabla ya mwezi mpya au mpevu hadi siku tatu au nne baada yake. Ukifika wiki ya maji mafu hutarudi mikono mitupu, maana siku hizo bahari haitoki mbali, ila upepo utakuwa unapanda huku maji yanashuka, na kila alasiri utakuwa unakimbizana na kina.

Hapo ndipo kalenda ya mama ilipoingia kazini. Ni ile ya msikitini, ya karatasi, yenye tarehe za Kizungu kwa herufi kubwa na za Kiislamu pembeni kwa herufi ndogo. Programu za simu ni nzuri kwa saa na dakika, lakini kwa kutazama mwaka mzima kwa mara moja sijaona chombo bora kuliko kile, kwa sababu tarehe ya Kiislamu ndiyo umri wa mwezi. Mosi na mbili ni bamvua, kumi na tano na kumi na sita ni bamvua, nane na ishirini na mbili ni maji mafu. Nilichukua penseli nikazungushia wiki zangu. Mama akauliza kama nimeanza kufunga sunna.

Baada ya mwezi ndipo majira. Pwani ina pepo mbili kubwa: kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, ambayo nguvu yake halisi ni Juni hadi Septemba. Katikati yake ni malelezi, upepo usio na msimamo, na masika ya Aprili na Mei yenye mvua ya kumwagika. Linganisha na shule zetu za Uganda. Likizo ya Mei huangukia katikati ya masika, kwa hiyo kwa mchezo huu isahau, hata kama hoteli zinapunguza bei. Zinapunguza kwa sababu. Likizo ya mwishoni mwa Agosti huangukia kwenye kusi. Na ile ndefu ya Desemba na Januari iko ndani ya kaskazi.

Januari ina siri moja ambayo sijasikia mtu akiitaja. Pwani ya Kenya hujaa kuanzia wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya, bei zikapanda na vyumba vikaisha. Kisha shule za Kenya hufunguliwa, mara nyingi mapema Januari, Nairobi yote ikarudi nyumbani. Sisi watoto wetu hawarudi darasani mpaka Februari. Yaani kuna wiki kadhaa ambazo kaskazi iko kwenye ubora wake, ufuko umepumua, na Mganda bado yuko likizo. Sina mtoto wa shule, ila mdogo wangu ni mwalimu wa msingi, na bila yeye safari isingekuwepo, kwani mimi peke yangu ningeishia kulala na kula biskuti.

Januari 2026 mwezi mpya uliangukia tarehe 18. Tarehe 15 ulikuwa uchaguzi mkuu. Nilitaka kupiga kura, na pia sikutaka kuwa njiani siku ile, kwa hiyo safari ikapangwa baada ya kura. Tahadhari niliyochukua ni ya kizamani: kila kitu nilikichapisha kwenye karatasi wiki mbili kabla, kuanzia tiketi na risiti ya chumba hadi namba ya simu ya mwalimu na jedwali la maji. Uchaguzi wa 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na mtu aliyeyaona yale haachi tiketi yake ikae mawinguni.

Kwa nini Diani na si Paje? Paje ya Unguja ndiyo yenye jina, na jina hilo halikuja bure; upepo ni wa uhakika na maji yana rangi ambayo ukiieleza watu wanadhani unatia chumvi. Lakini ni pwani tambarare mno. Wakati wa kupwa bahari hurudi nyuma mamia ya mita, na kwenye vina vile vifupi akina mama wa Paje na Jambiani wamelima mwani, vijiti na kamba mistari kwa mistari. Lile ni shamba la mtu, chakula cha watoto wake, nawe una chuma chenye makali chini ya ubao. Mwanafunzi asiyejua bado kugeuka hana kazi pale maji yakiwa mafupi. Kuna na suala la karatasi. Kwenda Kenya, Mganda anapita kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza 2014. Kwenda Tanzania ni pasipoti au hati ya safari, na Zanzibar tangu Oktoba 2024 ina bima yake ya lazima kwa wageni, ya kuulizia masharti kabla ya kuondoka. Mdogo wangu pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda. Mjadala ukaishia hapo.

Chanjo ya homa ya manjano haina mjadala, kokote uendako kati ya huko. Uganda imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, nasi tunaulizwa kadi mpakani. Ichanjwe angalau siku 10 kabla ya safari. Ukishaipata ni ya maisha, tangu kanuni ilipobadilishwa 2016, kwa hiyo usikubali kuambiwa kadi yako imechakaa kwa miaka.

Kumtafuta mwalimu ndiko kulikonichukua muda, na sijutii. Nilipiga simu badala ya kuandika ujumbe, kwa sababu kwenye simu mtu hana nafasi ya kunakili jibu. Wa kwanza alinihakikishia kwamba upepo upo kila siku na maji ni mazuri saa zote, karibu sana, tuma nusu ya pesa. Nilimshukuru. Wa pili alikuwa kijana wa Ukunda anayefundisha ufuko wa Galu, kusini kidogo ya Diani.

"Dada, milingoti ninayo, ya sentimita 75 na ya 85. Una kilo ngapi?"

"Sabini na mbili, kaka."

"Basi nikuwekee ubao wa lita 110 au 115. Bawa?"

"Ninalo langu, mita tano."

"Linatosha kwa kaskazi. Unafika lini?"

"Tarehe 19."

Akanyamaza kidogo. "Hiyo bamvua. Asubuhi usiniamshe."

Nikajua nimempata mtu. Tangu hapo huo ndio mtihani ninaowapendekezea wenzangu: mtajie mwalimu tarehe, usiseme lolote juu ya maji, halafu sikiliza kama atayataja mwenyewe. Mengine niliyomuuliza yalikuwa ya kawaida: kama kuna boti ya kumfuata anayesukumwa mbali, kama kofia ngumu na jaketi la kuokolea vimo kwenye bei, na saa nilizolipia zikikosa upepo zinakwenda wapi. Alisema zinasogezwa hadi siku inayofuata, hazipotei. Nikamwomba aiandike hiyo kwenye ujumbe. Akaandika. Uliza pia bei ya wakazi. Hoteli kadhaa za pwani ya Kenya huwapa wananchi wa Afrika Mashariki bei hiyo kwa kuonyesha kitambulisho, lakini hakuna atakayekukumbusha.

Mazoezi ya Entebbe yalipunguza gharama kuliko punguzo lolote. Saa za mwalimu ni ghali, na kuzitumia kujifunza jinsi ya kushika bawa ni kutupa pesa. Bawa hujifunzwa nchi kavu. Nilikuwa napeleka langu uwanjani jioni, upepo wa ziwa ukivuma, natembea nalo huku na huko, nalipindua, nalibadilisha mkono, watoto wa jirani nyuma yangu wakipiga kelele. Mwendesha boda mmoja aliuliza naliuza bei gani, alitaka kufunika pikipiki yake mvua ikinyesha. Ziwani nilikwenda mara chache na ubao mkubwa usio na foili, ili kuzoea kupiga magoti na kusimama. Foili yenyewe sikuishusha ziwani. Magugu maji hunasa kwenye mlingoti, dhoruba za Victoria huja bila hodi, na kichocho kipo. Aliyeingia ziwani akapime baadaye, bila kuona haya.

Jambo moja la kitaalamu, kwa sababu lilinifaa. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya pwani. Upepo wa kasi ileile, tuseme kilomita 28 kwa saa, huko chini unavuta zaidi. Bawa langu la mita tano ambalo uwanjani lilikuwa pole, Galu lilinishika mabega. Mwenye bawa moja na anayesita kati ya mita tano na sita, achukue hilo dogo.

Mavazi nayo yanataka kupangwa, hasa kwa sisi tunaojisitiri. Nguo pana hubeba maji na hunasa kwenye vishikio. Nilishonesha kwa fundi wangu wa Kampala suruali ndefu na fulana ya mikono mirefu ya kitambaa cha kuogelea, inayobana kiasi, na juu kaptula pana inayokauka haraka. Kilemba cha kufunga nyuma kikaingia chini ya kofia ngumu bila tabu. Jua la alasiri juu ya maji, likipiga mara mbili, kutoka juu na kutoka chini, lilinithibitishia kwamba mikono mirefu si ya dini peke yake. Viatu vya mpira vya kukanyagia mwamba nilinunua soko la Owino.

Njia yetu ilikuwa basi hadi Nairobi, treni ya SGR hadi Miritini, Mombasa, kivuko cha Likoni, kisha matatu hadi Ukunda. Ni ndefu, sitadanganya. Ndege kutoka Entebbe ni fupi, ila bei ya viti viwili ingenila siku kadhaa za ufukweni, na zile ndege ndogo zinazotua Ukunda hupima mizigo kwa ukali. Anayeruka akumbuke betri ya pampu: ya lithiamu hukaa nawe ndani ya ndege, haipelekwi kwenye mizigo. Mimi nilibeba pampu ya mkono. Haina betri na haimtishi mtu.

Aliyetishika ni ofisa wa forodha mpakani.

"Hii ni hema?"

"Hapana, afande. Ni bawa la kuchezea kwenye maji."

"Inaruka?"

"Inavuta tu, afande."

Alilitazama tena, akamwita mwenzake, mwenzake akacheka. Nilikuwa na risiti ya kununulia na picha niliyoipiga nalo Entebbe, ili siku ya kurudi asitokee mtu wa kulitoza kodi kama mzigo mpya. Karatasi hizo mbili zilimaliza maneno.

Ratiba ya Galu ilijipanga yenyewe kwa saa za maji, na hapa ndipo mdogo wangu, asiyetaka habari za ubao, alipopata likizo nzuri kuliko yangu. Asubuhi bahari ilikuwa yake. Maji yakishatoka tulitembea kwenye mchanga mpaka kwenye vidimbwi vya mwambani, na siku nyingine tulikwenda hadi msikiti wa kale wa Kongo, pale mto unapoingia baharini, chini ya mibuyu mikubwa. Siku moja tuliingia Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia. Mzee aliyetuongoza alimwita mdogo wangu "binti yangu" na akamkataza kuokota hata jani. Mbega niliwaona zaidi barabarani kuliko msituni, wakivuka juu ya magari kwa ngazi za kamba walizofungiwa.

Adhuhuri tulikula mapema. Saa nane bawa linajazwa.

Kaskazi pale hupiga kutoka kushoto ukiitazama bahari, kwa mshazari, na hukurudisha ufukweni. Unaposhindwa kurudi ulikotoka, unatembea kwa miguu mchangani na ubao kwapani. Wanaojifunza hutembea sana. Mwalimu hakuniruhusu kusimama mpaka aone nimeweza kupiga magoti na kwenda mistari iliyonyooka. Aliniweka kwenye mlingoti mfupi, wa 75, na maji yalipoanza kushuka chini ya kifua alinitoa, hata kama upepo ulikuwa mtamu na mimi ndiyo kwanza ninaanza kuelewa. Nilinuna. Siku ya pili nilimwona mgeni mmoja, hodari kuliko mimi, akibaki ndani. Alitoka na foili iliyokatika ncha.

Nilipoinuka kwa mara ya kwanza sikujua nimeinuka. Kelele za maji chini ya ubao zilikatika, nikadhani nimesimama, nikatazama chini kuona ni nini, na ukitazama chini unakwenda chini. Baadaye nilijifunza kuutazama mstari wa mwamba wa nje, pale mawimbi yanapovunjika, na kuegemea mguu wa mbele zaidi ya ninavyodhani inafaa. Hiyo ya mguu wa mbele ingefaa nijizoeze nyumbani, kwenye kipande cha mbao juu ya chupa, kama wafanyavyo vijana wa pale.

Hakukuwa na upepo kila siku. Mwalimu aliamini utabiri wa siku tatu mbele. Ya zaidi ya hapo aliiita hadithi. Kwa hiyo saa za mafunzo sikuzipanga kwa siku za kwanza mfululizo. Nilizitawanya, nikaacha alasiri mbili bila ahadi yoyote mwishoni. Zote mbili zilitumika.

Kwa Agosti mambo yatakuwa tofauti kidogo. Kusi ni nzito na ya baridi zaidi, itabidi niazime bawa la mita nne. Mwezi mpevu ni tarehe 28. Mdogo wangu ameshauliza ratiba ya shule yake, naye mama ameizungushia wiki hiyo mwenyewe kwa kalamu nyekundu, kisha akauliza kama kwenye kivuko kuna mahali pa kukaa mtu mzima. Nimebakiza ruhusa ya kazini, na mkuu wangu hajajibu.